Goti la Khattab na Mapango ya Uhindi

Hail, 12 Novemba 1998

Kwa Mama Mkwe wangu mpenzi, Bi Masouda, Qurayyat,

Assalaam alaykum. Baada ya kukubusu mkono, nnaleta mashitaka juu ya mwanao Khattab. Nnaandika kwa sababu kwenye simu nitalia, nawe utasema ni uchovu wa ulezi.

1. Alikwenda Uhindi kutibiwa goti. Tulimsomea dua, nawe ukaweka nadhiri ya mbuzi. Goti lile halikumruhusu kumbeba mwanetu Khulood kutoka chumbani hadi sebuleni. Jana picha zimetoka kusafishwa: Khattab yuko juu ya jabali, anacheka, mlangoni mwa mahekalu ya kale ya Mabudha yaliyochongwa pangoni. Ngazi nimezihesabu kwenye picha moja tu. Themanini na mbili.

2. Kamera niliinunua nimpige picha Khulood siku atakayoanza kutembea. Ameanza kutembea, kamera ilikuwa Uhindi. Mwanawe hana picha hata moja. Sanamu moja ya jiwe, iliyolala ubavu, inazo kumi na nne, mpaka za nyayo.

3. Ananisimulia, bila haya, kwamba mafundi wale walichonga miaka na miaka kwa patasi na nyundo, wakianzia darini, wala hawakulalamika. Mimi nnamwomba msumari mmoja wa pazia tangu Ramadhani.

4. Amerudi na utulivu. Anakaa mkekani, miguu kaikunja (goti lile lile, mama!), macho kayafumba nusu, mtoto analia. Nikimwita, ananyanyua kidole nisubiri. Sanamu naisamehe. Ni jiwe, wala haikuzaa na mimi.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, moja kati ya mawili. Ama umchukue huko umlee upya, kwani malezi ya kwanza hayakumkolea. Ama nichongewe pango hapa Hail, nilale ubavu miaka elfu, na kila anayeingia avue viatu na anong'one.

Nisalimie wifi yangu Mahfoudha, Amur na majirani wote. Na mbuzi wa nadhiri pia: mwambie goti limepona, ajitayarishe.

Mkaza mwanao mtiifu,
Khawla

Tanbihi: Usimgombeze. Nimeitazama tena ile sanamu iliyolala. Tangu nizae sijaona uso uliopumzika vile. Nikamwuliza Khattab kama pangoni pana ubaridi. Tunaondoka Jumatano kwenda huko, mimi na yeye. Khulood namleta kwako Jumanne na kamera, mpige picha anapotembea. Watu wakiuliza, waambie Khawla naye kashikwa na goti.