Shangazi Faraja na Mkwe Asiyefaa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mke wangu Kabibi amekwenda kwao Marereni, yeye na binti yetu Whitney. Shule zimefungwa. Kasema anakwenda kupumzika kidogo. Kabeba nguo zote, sufuria kubwa na mwiko wa ugali. Sikuuliza kitu.

Nyumba kimya. Kichwa kikaanza kufanya kazi. Malindi nzima watoto wako nyumbani na wazazi wamechoka nao. Wanataka mtu wa kuwashauri kwa simu, bila kuonekana. Mtu huyo ni mimi! Nimefungua ukurasa mtandaoni: Shangazi Faraja, Mshauri wa Familia. Picha ni ya mama mnene mwenye leso, nimeitoa kwenye kalenda ya zamani. Nani atamweleza siri za nyumba mwanamume anayeitwa Fondo?

Nilipofuga kware, walikufa. Sabuni yangu ya mwani iliwawasha wateja. Lakini ushauri haufi wala hauwashi. Redio wakinisoma watanipa kipindi.

Jumatano, 6 Agosti

Hakuna mteja hata mmoja. Wote wako kwa Emily wa Kilifi, eti yeye amesomea kazi hii ya ushauri. Nimesoma ushauri wake wa leo. Mzazi aliyeelemewa achague jambo moja dogo: akae na mtoto nusu saa kila jioni, simu iwe mbali. Basi, kamaliza! Hilo nalo ni ushauri?

Hata Kabibi humsoma. Mwezi uliopita aliniomba jambo hilo hilo, nusu saa na Whitney na madaftari yake. Nilikubali mara moja. Sikupata nafasi tu, nilikuwa na sabuni.

Watu wanataka maneno makali. Nitawapa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mteja! Anajiita Bibi Aliyechoka. Maskini mama wa watu. Binti yake amerudi nyumbani na mtoto, hasemi kwa nini, analia akiosha vyombo. Mkwe wake wa kiume ni mtu wa miradi, na kila mradi unakufa. Angetaka kumkemea lakini anaona haya. Tangu harusi hawajaambiana zaidi ya shikamoo na marahaba. Hilo nalielewa sana. Mimi na mama mkwe wangu ni hivyo hivyo. Akipita huku, mimi napita kule, na salamu zangu humfikia kupitia kwa mzee wake.

Tena huyu bibi amegombana na mumewe kwa sababu ya hayo. Mume anasema mambo ya watoto waachiwe watoto. Sasa wanalala wamepeana migongo.

Nilipandwa na hasira. Kumbe kuna wanaume wa namna hiyo! Nikamwandikia kwamba huyo si mume, ni kupe. Asimrudishe binti mpaka mtu huyo aje na wazee wake. Hata akija, asipewe mke hivi hivi. Kwanza alale hapo hapo ukweni, afanye kazi ya kutoa jasho mpaka shule zifunguliwe, bibi akimwona kwa macho yake.

Kuhusu mumewe, nilimshauri waoge pamoja na kusuguana migongo, hasira itaisha yenyewe. Hilo nililitunga papo hapo. Nina kipaji.

Jumapili, 10 Agosti

Bibi Aliyechoka ameshukuru sana. Anasema Emily alimwambia amsikilize binti kwanza kabla ya kumhukumu mtu, lakini Shangazi Faraja ana uti wa mgongo. Emily chali!

Nikampigia Kabibi nimuulize anarudi lini. Akasema nimuulize baba yake. Simu ikakatika. Mtandao wa Marereni ni mbovu sana.

Jumanne, 12 Agosti

Baba mkwe, Mzee Mwaringa, kanipigia mwenyewe. Nifike Jumamosi. Nije na wazee.

Nimekaa chini sakafuni. Wazee! Kumbe Kabibi hakwenda kupumzika. Kumbe ameniacha, na mimi nilikuwa hapa nakula mkate na chai nikidhani ni likizo. Tangu lini mtu akabeba mwiko kwenda kupumzika? Nimeingia chumba cha Whitney. Kitanda kitupu. Nimelia, naandika ukweli.

Baba mdogo Sanga atakuja kunisemea.

Jumamosi, 16 Agosti



Tuliketi uani. Mama mkwe alikuwa ndani nyuma ya pazia, kama ilivyo heshima. Baba mdogo akanisifu vizuri, kwamba mimi ni kijana mwenye fikra nyingi. Mara mkono ukatoka nyuma ya pazia na simu. Mzee Mwaringa akavaa miwani. Akasema mama ana mshauri wake mtandaoni, na maneno ya mshauri ndiyo maneno yake yeye.

Akasoma. Huyo si mume, ni kupe.

Damu ilinisimama. Neno kupe ni langu! Na kutoa jasho ni langu, na kulala ukweni ni langu. Bibi Aliyechoka ni mama mkwe wangu. Mama mkwe, ambaye sijawahi hata kumtazama usoni, nimemwambia aoge na mumewe! Nilitamani ardhi inimeze, mimi na kiti cha watu.

Nilifungua mdomo nijitetee. Nitasema nini? Nikikiri kwamba Shangazi ni mimi, sitakanyaga boma lile mpaka kufa. Nikafunga mdomo. Baba mdogo, aliyekuja kunisemea, akatikisa kichwa akasema Shangazi huyo ana busara.

Hukumu imepita. Jumatatu naanza kazi kwenye mashamba ya chumvi. Nitalala kwenye kibanda kilicho nyuma ya jiko, karibu na mbuzi. Shule zikikaribia kufunguliwa, Kabibi ataamua.

Jumatatu, 18 Agosti

Chumvi inaingia kila penye mchubuko, na mimi nimechubuka kila mahali. Gambuti nilizoazimwa zimetoboka. Reki ya kukusanyia chumvi ni nzito. Nani alibuni adhabu hii? Mimi.

Jioni Whitney akaja kibandani na mafuta ya nazi. Akanipaka viganja, kisha akafungua daftari la hesabu. Simu ilikuwa haina chaji, kwa hiyo tulikaa. Nusu saa kamili! Kabibi alikuwa mlangoni pa jiko akitutazama. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 21 Agosti

Habari njema. Kabibi kaniambia nikiendelea hivi hivi, Jumapili tunarudi Malindi sote watatu. Mwiko nitaubeba mimi. Nimeapa kuufunga ukurasa.

Niliufungua ili niufunge. Nikakuta mteja mpya, anajiita Mzee wa Zamani. Nitamkataaje mtu mwenye shida? Whitney amekuja na daftari, nimemwambia angoje kidogo.

Mzee huyu ana msiba. Mkewe amepata mawazo mapya, anataka waoge pamoja na kusuguana migongo, kwa umri wao huo! Ajabu, ushauri wangu umeenea pwani nzima. Tena kuna mkwe wa kiume kapewa kibanda nyuma ya jiko, anakoroma mpaka mbuzi hawalali. Mzee hana raha kwake. Wakwe wengine hawana haya kabisa.

Nimemwandikia bila kumung'unya maneno. Wewe ndiye mwenye boma. Mtoe mtu huyo leo, kabla jua halijazama, na usisikilize maelezo yake. Akileta ubishi, fimbo ipo.

Amejibu papo hapo. Ameshukuru, anasema anakwenda sasa hivi.

Naona Mzee Mwaringa naye anakuja huku, na fimbo mkononi. Bila shaka mbuzi wametoroka. Ngoja nitoke nimsaidie.