Viduara vya Dorotea

Jumatatu, 11 Agosti

Mjukuu wangu Gladness, kidato cha nne, kaja na grafu zake za vipande vipande. Alhamisi wana jaribio. Kasema kama siziwezi, anahamia kwa jirani, Mwalimu Faustin. Nisiziweze? Mume wa mwalimu wa hesabu miaka thelathini na moja! Akihama, meza hii inabaki na mimi na redio. Mpango: nitoe daftari la marehemu mke wangu, Dorotea.

Jumanne, 12 Agosti

Nimelipata chini ya kanga zake. Bado linanukia sabuni ya mche. Grafu ya kwanza naikumbuka! Ni ya msimu tulioamia ndege shambani Mchombe, juu ya dungu, kile kichanja cha kufukuzia ndege wasile mpunga. Kabla ya saa sita, zamu yake. Kuanzia saa sita, yangu. Mstari wake uko juu: ndege arobaini waliofukuzwa kwa saa. Wangu uko chini: tisa. (Nilikuwa nasinzia.) Mwisho wa mstari wake kuna kiduara kitupu. Maskini, hakumaliza. Nikakijaza kwa peni ya buluu. Kisha vitupu vyote vya daftari zima. Thelathini na viwili! Nimejisikia nimemfanyia kitu.

Jumatano, 13 Agosti

Gladness kanakili zote. Kauliza, Babu una uhakika? Nimeitikia kwa kichwa, polepole, kitaalamu. Tumekula wali na perege. Kacheka sana mezani. Faustin alipopita nilimsalimia kwa sauti ya mshindi.

Ijumaa, 15 Agosti

Balaa. Grafu zote za jaribio zimekosewa. Gladness kakimbilia kwa Faustin na daftari. Faustin kaja nalo, anacheka mpaka kashika nguzo ya baraza. Eti Mzee Deogratias, kiduara kitupu maana yake mstari unafika pale, lakini nukta ile si yake! Saa sita kamili Dorotea alishashuka dunguni, anawahi vipindi vya mchana. Saa sita ilikuwa yako, mzee, na Mchombe nzima inajua ulikuwa unachelewa.

Kweli. Alinichorea grafu ile kwa hasira. Grafu naikumbuka, ugomvi nilikuwa nimeusahau.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwomba Gladness msamaha. Kasema, Babu we, mimi nimeshakuzoea. Kaja na wino mweupe wa kufutia, na Faustin nyuma yake. Tumevifungua viduara vyote, watatu, mezani kwangu. Faustin anatia sukari vijiko vinne! Wamekubali kusomea hapa kila Jumamosi, kwa sharti moja: nisishike peni. Nimeapa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetoka misa. Nyumba kimya. Nimefungua ukurasa wa kwanza. Kiduara cha Dorotea ni cheupe, kitupu, saa sita kamili. Hata siku nilizowahi, tulipishana tu kwenye ngazi ya dungu, yeye anashuka, mimi napanda. Hakuwahi kukaa hata dakika moja.

Nimechukua peni ya buluu. Kimoja tu. Sasa saa sita tupo wote wawili.

Gladness hatagundua.