Kitanda cha Mawaridi Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Machi

...na ndipo nikamwambia mume wangu, kama nilivyokuwa nakueleza jana kabla usingizi haujaniiba, kwamba hesabu za nyumba sasa nashika mimi. Siku ishirini na sita za ndoa! Kwa nini dada yake aendelee kuichungulia akaunti yetu? Wifi ni keshia wa duka la saruji. Kimoyomoyo namwita Bi Risiti. Wifi kakubali, ila kaonya: akiba ile ni kodi ya miezi sita, ikipungua tutarudi kulala sebuleni kwake. Mume wangu akacheka. Meno yale!

Nikapakua taarifa ya benki, nikaiingiza kwenye programu ya hesabu za nyumba. Mistari ikashuka taratibu kama manyunyu. Jina la mume wangu juu ya kila ukurasa. Nikalisoma mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 4 Machi

Sikumbuki kama jana niliingiza kweli au niliota. Nikaingiza tena, kwa usalama. Programu ikauliza kama nina hakika. Aliyeolewa na mume kama wangu ana hakika ya kila kitu. Ndiyo.

Akiba maradufu! Ndoa ina baraka, jamani.

Jumatano, 5 Machi

Godoro letu liko sakafuni. Basi, kwa fundi seremala. Kitanda cha mbao nyekundu, mawaridi yamechongwa kichwani. Akasema mbao ikishakatwa, malipo ya awali hayarudi. Akauliza mawaridi mangapi. Kumi na mawili. Nikalipa kwa kadi. Nilirudi nyumbani nikielea.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Risiti kaja "kusalimia". Kalamu sikioni. Kapakua taarifa mpya, kaanza kuilinganisha na programu yangu, mstari kwa mstari. Kisha, kwa upole uliotisha:

"Wifi yangu, kaka kanyolewa mara mbili, siku moja, kinyozi mmoja. Ana vichwa vingapi?"

Na mishahara miwili. Na umeme mara mbili. Faili moja, nimeliingiza mara mbili. Akafuta marudio, akiba ikanywea kama puto. Kodi imepungua kiasi kile kile alichochukua seremala. Wifi akataja, kama kwa bahati mbaya, kwamba sebule yake ameshaifagia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekiri. Mume wangu akanimiminia chai kwanza.

"Mke wangu, ukitaka kitanda niambie mimi. Usiiambie kompyuta."

Nililia kwa raha. Yeye ni fundi wa friji. Friji ya seremala ilikuwa imekufa tangu mwaka jana. Akaifufua. Seremala akarudisha nusu, kitanda kitakuwa na waridi moja. Kilichopungua kwenye kodi kajazia Bi Risiti. Hakudai hata risiti. Nikamkumbatia, akasimama kama mlango.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimelinganisha peke yangu. Tofauti ndogo ikagoma kuisha. Programu ikajitolea kuweka mstari wa marekebisho wa kuiziba, niupe jina. Nikauita Mapenzi. Papo hapo kila kitu sawasawa!

Kumbe hesabu ni hivi tu? Nikaongeza Mapenzi mengine, makubwa kidogo. Akiba imenenepa, inapendeza. Mume wangu yuko mlangoni anapiga mluzi, anarekebisha bawaba.

Waridi moja litakuwa na upweke. Nimempigia seremala, nimemwambia anichoree na kabati. Kabla mwezi haujaisha, nitapita na kadi.