Mgao wa Asili ya Binadamu

Jumatatu asubuhi Wizara iliutangazia umma kwamba suala la asili ya binadamu, lililowasumbua wataalamu na waumini kwa muda mrefu kupita kiasi, lingepatiwa ufumbuzi wa kudumu ifikapo Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Wananchi waliombwa kuwa watulivu na kuendelea kutokana na walikotokana, hadi watakapoelekezwa vinginevyo.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kitabu kipya cha sayansi. Ukurasa mmoja ulieleza kuwa viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, na kwamba binadamu naye hakukwepa. Nusu ya wazazi walitaka ukurasa ung'olewe. Nusu nyingine walisema atakayeung'oa watapambana naye. Redio zilishinda na kukesha na mjadala huo, vinyozi wakaacha vichwa vya watu nusunusu ili wamalize hoja, na kwenye harusi moja mashangazi wa pande mbili walikataa kukaa meza moja.

Kazi ya kumaliza ubishi alipewa Mkurugenzi wa Mitaala, na hakuna aliyeshangaa. Yeye ndiye aliyebuni njia ambayo Wizara nzima iliifuata, iliyoitwa mgao. Kwa njia hiyo mgogoro hauamuliwi, unagawanywa. Idara mbili zilipogombea chumba, alijenga ukuta katikati. Mlango ukaangukia upande mmoja, na upande wa pili ukapewa dirisha na ngazi. Zilipogombea gari, moja aliipa gari na nyingine akaipa funguo. Amani iliyopatikana ilikuwa kubwa, kwa kuwa gari halikwenda popote kuzua ugomvi mwingine.

Safari hii alikuwa na sababu ya ziada ya kujituma. Katibu Mkuu alikuwa anastaafu, na Mkurugenzi alikitaka kile kiti kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka maishani. Alikuwa ametumikia chini ya makatibu wakuu ambao, kwa maoni yake, hawakufaa hata kushikilia mlango. Waziri alimwambia waziwazi, "Lizime hili, halafu tuongee habari ya kiti." Tangu siku hiyo alianza kutembea polepole kwenye korido, kama mtu ambaye lifti humsubiri.

Jumanne aliziita pande mbili. Sayansi iliwakilishwa na mwalimu wa biolojia wa sekondari, mama mwenye sauti iliyozoea kufika viti vya nyuma. Uumbaji uliwakilishwa na mchungaji ambaye, ilibainika, alikuwa kaka yake mkubwa, tumbo moja. Walifika chini ya mwavuli mmoja wakibishana, wakaketi wakibishana, na katikati ya ubishi kaka mtu akanyoosha mkono kumwekea dada yake sawa kola iliyokunjika. Jambo hilo lilimtia Mkurugenzi wasiwasi. Ugomvi wa watu wanaopendana ni mgumu kuugawa.

Kikao kilikuwa na katibu pia, Mkuu wa Stoo, mwanamke aliyebandikwa jina la Kimya kwa sababu katika vikao vyote alisema "Sawa" basi.

"Mama, tueleze kwa kifupi," Mkurugenzi alianza.

"Binadamu hakutokana na hawa sokwe wa leo, kama watu wanavyopenda kuvumisha," mwalimu alisema. "Sisi na wao tuna mababu wa pamoja, wa zamani sana. Ni kizazi baada ya kizazi, kidogo kidogo, miaka mamilioni..."

"Mamilioni haitawezekana. Tuna hadi Ijumaa."

Mchungaji alikohoa. "Mimi langu ni fupi, mheshimiwa. Mungu aliwaumba watu wote. Wewe, mimi, na dereva wako pale nje. Udongo ule ule."

"Udongo ule ule na dereva?"

"Ule ule."

Mkurugenzi alimgeukia mwalimu, akitafuta msaada. "Na sayansi inasemaje kuhusu dereva?"

"Ukoo mmoja," mwalimu alijibu. "Hapo mimi na kaka hatuna ugomvi. Tunagombana tu jinsi tulivyofika."

Mkurugenzi alivua miwani akaifuta taratibu. Sasa aliona kilichokuwa kikiukwamisha mjadala huu miaka yote. Pande zote mbili zilikuwa zimeteleza mahali pamoja: zilidhani watu wote wana asili moja. Kwa mtu mwenye ofisi yenye zulia, dhana hiyo ilikuwa haikaliki.

Waraka ulitoka Ijumaa, chakula kikiwa bado jikoni. Ulisema kwamba watumishi wenye cheo cha mkurugenzi na kuendelea waliumbwa, wakiwa kamili, wasio na cha kuongezwa wala kupunguzwa. Watumishi walio chini ya hapo, pamoja na wananchi kwa ujumla, wametokana na mabadiliko, na wanaombwa kuendelea kubadilika kwa utaratibu. Kitabu kingechapishwa kikiwa na kurasa zote mbili, na mwanafunzi angesoma ule unaolingana na cheo cha mzazi wake.

Waziri aliuliza swali moja tu kabla ya kusaini. "Mawaziri tuko wapi?"

"Juu kabisa, mheshimiwa. Mliumbwa kwanza."

Waziri alisaini mbele ya kamera. Kimya alipouliza kwa ishara ya kidole yeye yuko wapi, Mkurugenzi alimwonyesha chini ya mstari. "Wewe bado unabadilika, mama. Usikate tamaa."

"Sawa," alisema Kimya.

Njiani kurudi nyumbani dereva alikuwa na mawazo. "Kwa hiyo, bosi, mimi bado niko njiani?"

"Uko njiani."

"Basi nikifika nitakupigia simu."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mama yake Mkurugenzi, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizokauka.

"Mwanangu, nimesikia redioni. Mimi cheo sina. Kwa hiyo mimi nimetokana na mabadiliko?"

"Kwa mujibu wa waraka, ndiyo, mama."

"Na wewe uliumbwa ukiwa kamili."

"Ndiyo, mama."

"Basi yule niliyekuwa namfulia nepi alikuwa nani?"

Mkurugenzi alinyoosha tai. "Suala hilo limepelekwa kwenye kamati ndogo."

"Ipelekee na hii," mama yake alisema, akamrushia soksi isiyo na mwenzake.

Wiki iliyofuata aliitwa na Waziri. Alivaa suti yake nyeusi, akajipulizia marashi, akapita makusudi mbele ya ofisi ya Katibu Mkuu ili aone mapazia atakayoyabadilisha. Alipoingia alimkuta Waziri na mwanasheria wa Wizara, na wote wawili hawakuwa na uso wa pongezi.

"Keti," alisema Waziri. "Mwanasheria ameusoma waraka wako."

"Umeandikwa vizuri sana," mwanasheria alisema kwa huzuni. "Tatizo ni hilo. Anayepandishwa cheo lazima awe na cha kuongezwa. Wewe huna. Ukipandishwa, itakuwa tunasema uumbaji uliacha kazi nusu. Wachungaji watatutoa roho."

Mkurugenzi aliinuka kitini. "Lakini mimi ndiye niliyeuandika!"

"Ndiyo maana hauna mwanya."

"Na semina za nje? Mafunzo ya uongozi?"

"Kiumbe kamili anafundishwa nini?" mwanasheria aliuliza, na aliuliza kwa dhati.

"Basi tuufute!"

Waziri aligonga meza. "Tuufute tuseme nini? Kwamba waliokamilika wamekosea? Unadhani mimi sikutaka kuwa Waziri Mkuu? Nilikuwa na miadi, bwana. Nimepigiwa simu nikaambiwa nibaki hapa hapa nilipoumbiwa."

Kwa kuwa kiti hakikai wazi, kilibidi kiende kwa mtumishi ambaye sheria ilimtambua kuwa anaendelea kubadilika, na kati ya watumishi wa Wizara walioketi kwenye kikao kile cha asili, wa namna hiyo alikuwa mmoja. Kimya aliapishwa Jumatano. Aliagiza funguo zirudishwe kwenye gari, ukuta ubomolewe, na aliyeumbwa akitaka kuhamia kundi la wanaobadilika alete mashahidi wawili, mmoja wa sayansi na mmoja wa uumbaji, watakaothibitisha kuwa wamewahi kumwona akibadilika, hata kidogo.

Mkurugenzi aliumia. Tuseme ukweli, alilia, chooni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Kisha alinawa uso akaenda nyumbani kwa mwalimu, kwa miguu, maana dereva alikuwa semina.

Aliwakuta kaka na dada barazani. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari, mchungaji anapigilia mguu wa kiti uliolegea, na wote wawili walikuwa wanabishana kuhusu umri wa dunia. Walimpa maji. Walimsikiliza hadi mwisho bila kucheka, na hilo lilimpa moyo.

"Mwalimu," alisihi, "wewe ndiye mtaalamu wa mabadiliko. Sema tu umeniona nikibadilika."

Mwalimu alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ningependa, mheshimiwa. Lakini mimi ni mtu wa ushahidi. Nimekuomba maabara ya shule yetu tangu ukiwa ofisa mdogo, hujawa hata na tumbo. Jibu uliloniletea mwezi uliopita ni lile lile la kwanza, koma haijasogea."

Mkurugenzi alimgeukia kaka mtu, karibu apige magoti. "Mchungaji, wewe basi. Wewe huhitaji ushahidi. Wewe unaamini."

Mchungaji aliweka nyundo chini, akamshika bega.

"Naamini sana, ndugu yangu," alisema. "Lakini imani ni ya yale tusiyoyaona. Wewe tumekuona."