Kadi ya Bluu ya Mama Sindano

Meneja mwenyewe anakiri, tena bila kubanwa, kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Anachoomba tu ni izingatiwe kwamba ilikuwa siku moja katika miaka kumi na miwili ya kazi safi, na kwamba alikuwa hajanywa chai.

Hakuwa meneja wa kitu chochote. Cheo alipewa na tai. Alikuwa nayo moja, nyekundu yenye mistari ya kijani, na kila asubuhi aliivaa, akaingia benki mara milango ilipofunguliwa, akakaa benchi la nyuma karibu na mtungi wa maji baridi, faili kwapani. Wezi wengi, husema, huogopa kufanyia kazi mahali penye walinzi. Hawajui kwamba mlinzi humwangalia anayekimbia. Yeye alikuwa hajawahi kukimbia maishani mwake, labda kwenda kula.

Benki hiyo ilikuwa na kadi mbili za mkopo. Ya zamani ilikuwa ya bluu: kila ununuapo kitu kwa kadi hiyo, benki inakuandikia alama, na alama zikitosha unazibadilisha kwa tiketi ya ndege, jokofu au seti ya sufuria. Mpya ilikuwa ya dhahabu, yaani rangi. Mabango yake yalitundikwa kila ukuta mpaka mlango wa choo, yakionyesha mume na mke wakicheka ndani ya ndege kama watu ambao hawajawahi kukalia kiti cha katikati. Ukihamia ya dhahabu, bango lilisema, unakaribishwa na alama elfu arobaini. Basi watu wakawa wanasimama chini ya bango, kadi ya bluu mkononi, mdomo wazi, wakijiuliza wahame au wasihame. Meneja alipowaona hivyo, moyo wake ulijaa huruma, na mfuko wake ukahisi baridi.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi na, kwa maneno yake, wa kiungwana. Alimweleza mteja kwamba ukifunga kadi ya bluu, alama zako zote zinakufa nayo. Hilo lilikuwa kweli. Alimweleza kwamba kwenye simu kuna huduma ya kumtumia mwenye kadi mwenzako alama zako kama zawadi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Hapo ukweli ukawa umekwisha, ikabidi aongeze la kwake: nitumie mimi nikutunzie, ukishapata ya dhahabu nitakurudishia zote. Kwa miezi mitatu alikuwa ametunza alama za watu kumi na mmoja kwa uaminifu usio na mfano. Hakuna hata moja iliyopotea; zote alikuwa nazo. Zilifika elfu thelathini na nne, na alikuwa akizikusanya zifikie tiketi ya kwenda mahali ambapo watu kumi na mmoja hawawezi kumfuata.

Jumanne hiyo akaingia mama mmoja mnene, utepe wa kupimia shingoni, pini tatu zimechomekwa kwenye kola. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, na wateja wake walimwita Mama Sindano. Akachukua namba ya foleni, sitini na nne, akaja kukaa benchi lile lile, akafungua simu na kuiacha wazi mapajani. Meneja, ambaye macho yake yalikwisha kuzoea kusoma simu za watu kichwa chini miguu juu, akasoma: alama elfu hamsini na nane. Maji aliyokuwa akinywa yalipita njia ya hewa.

Alipomaliza kukohoa, akamwamkia kwa adabu, akajitambulisha kama mshauri wa wateja, akamwuliza kama na yeye amekuja kuhama. Mama Sindano akasema ndilo linalomnyima usingizi. Ana binti mmoja tu, yuko nchi ya mbali, ana mimba ya kwanza, na daktari amesema zimebaki wiki mbili ajifungue. Tiketi inataka alama elfu tisini. Hizo zake amezishonea miaka sita, kila jora la kitambaa na kila dazeni ya zipu kwa kadi ya bluu, na bado zimepungua elfu thelathini na mbili.

"Na mtoto tumboni, mwanangu, hasikii habari ya alama," alisema.

Meneja akamwambia Mungu amemkalisha benchi linalofaa. Akaisifu kadi ya dhahabu mpaka mwenyewe akaitamani. Mama akamsikiliza kwa utulivu, ila alikuwa na maswali ya kifundi. Aliposikia kwamba inatoa alama mara mbili kwenye petroli, akauliza petroli hiyo ataitia wapi, kwenye cherehani? Aliposikia inakuingiza bure kwenye ukumbi wa wageni mashuhuri uwanja wa ndege, akauliza kama ukumbi huo unaruka. Na ada ya kila mwaka je? Meneja akasema ada ni kidogo sana. Mama akauliza kidogo ya nani.

"Na wewe mbona yako ya bluu?" aliuliza, akiitazama kadi iliyochungulia mfukoni mwa shati lake.

"Mimi ni kama nahodha, mama. Nawatoa abiria wote kwanza."

Jibu hilo lilimpendeza mwenyewe kiasi kwamba hakuona jinsi mama alivyokuwa akiitazama tai yake, mstari kwa mstari.

Mama akapumua kwa kishindo, akasema haya, amekubali, atampa alama zake azitunze. Ila kuna jambo moja la kazi. Yeye hashoni nguo ya mtu kabla ya kuipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, mteja akavaa, wote wakaona inakaaje, ndipo apige mshono wa kweli. Ameishi hivyo miaka thelathini. Basi na hapa wajaribishe kwanza. Meneja amtumie za kwake, azione zikiingia kwa macho yake, kisha yeye atajua la kufanya.

Meneja hakushtuka. Wateja waoga alishawaona. Akamtumia alama mia moja. Simu ya mama ikalia. Mama akaitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mwanangu, gauni halijaribishwi mkono mmoja. Mtu huvaa lote."

Ubaoni namba ilikuwa sitini na mbili. Meneja akapiga hesabu ambayo mpaka leo anashikilia kwamba ilikuwa sahihi: zinatoka thelathini na nne, zinarudi tisini na mbili. Tiketi, na chenji juu. Simu ikamwuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika kuliko siku zote. Akabonyeza namba yake ya siri, kwa madaha kidogo, kama mtu anayetia saini mkataba mbele ya wapiga picha.

Simu ya mama ikalia. Ubao nao ukalia. Sitini na nne.

"Ngoja nimwulize karani kama zimekaa vizuri," mama akasema, akainuka na mkoba wake.

Meneja akamngoja kwa raha. Alimwona dirisha la tatu akizungumza na karani, binti mwenye miwani minene. Alimwona akitoa pasipoti. Hapo ndipo akainuka, kwa sababu kuuliza hakuhitaji pasipoti. Alipofika dirishani, mashine ilikuwa inamalizia kutoa karatasi ndefu, na juu ya karatasi hiyo palikuwa na picha ya ndege.

Alilalamika kwa sauti ya chini, kwani ya juu ilikuwa na walinzi wake. Karani akamwuliza kama alama alizituma mwenyewe. Ndiyo, lakini. Namba ya siri aliibonyeza mwenyewe? Ndiyo, ila. Karani akaisoma kompyuta yake, akasema hapa imeandikwa zawadi, na zawadi haidaiwi. Akampongeza kwa ukarimu.

"Mama, tulikubaliana unahamia ya dhahabu," Meneja akasema, jasho likimtoka.

Mama Sindano akakunja tiketi yake mara mbili, akaitia kifuani. Akasema amefikiri, anabaki na ya bluu. Chini kabisa ya bango imeandikwa kwamba zile elfu arobaini za kukaribishwa zinakuja baada ya miezi mitatu, tena ukishatumia fedha nyingi kuliko anazopata yeye kwa mwaka. Na mtu anayetia uzi kwenye sindano nyembamba kila siku hashindwi na maandishi ya ukubwa ule. Tena jirani yake, fundi viatu, alitunziwa alama zake hapa benki mwezi uliopita na bwana mmoja, na alikuwa amemwelezea tai ya bwana huyo mpaka rangi ya mistari.

Meneja akaona njia moja tu imebaki, njia ya machozi. Akashika ukingo wa dirisha.

"Mama yangu, hizo alama si zangu. Ni za watu. Watu maskini, kumi na mmoja. Utawadhulumu?"

"Hata kidogo," Mama Sindano akasema, akavuta utepe shingoni na kuunyoosha mbele yake. "Fundi viatu nimeshamshonea magauni mawili, malipo ya alama zake. Waliobaki nao nitawashonea, kila mtu kwa haki yake. Wataje tu, baba, mmoja mmoja. Karani ana kalamu."