Mkono Mmoja wa Mwekezaji

Kwa Mwenyekiti,
Ushirika wa Mafundi Cherehani.

Ndugu Mwenyekiti, na shemeji yangu,

Natumaini kikohozi kimepungua. Mimi nipo, naizoea nyumba iliyo kimya.

Nakuandikia kuhusu kura ya Jumamosi, ya kuamua kama banda letu la kushonea livunjwe liwe maegesho ya Mwekezaji. Cherehani ya marehemu kaka yako bado iko pale dirishani, na ndiyo inayonilisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani tulinyoosha mikono. Marehemu alinyoosha wake ukiwa na subana kidoleni, hata tulipopigia kura sukari ya chai. Sasa kila hisa ni kura, na Mwekezaji amenunua nyingi. Kikao kilichopita, tulipojadili rangi ya choo, Mwekezaji alinyoosha mkono mmoja, tena wenye simu, ukaishinda mikono yetu yote. Naomba Jumamosi aje na hiyo mingine tuione.

2. Kama yeye peke yake ni wengi, basi na zamu za kufagia banda apewe kwa wingi huo huo.

3. Nilipomuuliza kuhusu banda, alinijibu, "Mama, hii ni biashara, si msiba." Sawa. Ila msibani alileta shada lenye jina la kampuni yake, kubwa kuliko jina la marehemu. Kwa hisa zake, alipaswa kulia kuliko mimi mjane.

4. Kama utaratibu huu ni mzuri, kwa nini tuinyime nchi? Diwani achaguliwe na Mwekezaji sebuleni kwake, akiwa na kandambili, nasi tupumzike kuunguzwa na jua kwenye foleni.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, turudi kwenye mtu mmoja, mkono mmoja, kabla ya Jumamosi.

Wasalimie wote nyumbani, na pale bandani msalimie fundi wetu wa vifungo. Mwambie mkasi wake ninao.

Wako katika ushirika na katika ukoo,
Mke wa marehemu kaka yako.

N.B. Kabla sijaituma barua hii, wajane wenzangu wamepita. Kumbe Mwekezaji alinunua hisa za walio hai tu. Za marehemu wetu alidhani zilizikwa nao. Sisi tuliozirithi tumeziweka pamoja na tunamzidi kura. Tafadhali shemeji, usiguse utaratibu, ni mzuri sana. Hayo ya mtu mmoja mkono mmoja tuyazungumze Jumapili.