Mkoba wa Mama Mkwe Uwanjani

Jumatatu, 4 Mei
Mwamuzi wetu wa softboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo, kateguka mguu. Pole yake, heri yangu. Jumapili kiwanda chetu cha mikate kinacheza na timu ya madobi, na tukifungwa tena navuliwa ukapteni. Anayeumezea mate ni Dereva wa gari la mikate, mtu anayeshika gongo kama ufagio. Nikapendekeza mwamuzi mpya: mwalimu mstaafu, mwenye heshima zake, asiyependelea mtu. Timu zote mbili zikakubali. Hakuna aliyeuliza kama ni mama mkwe wangu. Kichwa hiki!

Jumatano, 6 Mei
Mazoezi. Mama mkwe kaja na kitabu cha kanuni mkononi na mkoba begani. Nikamwomba autue. Akasema mkoba wake hauwekwi chini. Nikakimbilia kituo cha pili, nikajitupa, mguu ukafika kabla ya mpira. Vumbi mpaka puani. Akasema nimetoka, nikakae nje. Kwa mwamuzi mwingine ningewaka. Kwa mkwe utasema nini? Nikainamisha kichwa, nikasema ahsante mama. Dereva kacheka mpaka kakaa chini. Mke wangu naye kacheka, sijui yuko upande wa nani.

Ijumaa, 8 Mei
Mazoezi tena, mbinu mpya. Nimeuficha mpira kwapani, nikajifanya sijui ulipo, ili mkimbiaji aache kituo nimguse nao, atoke. Akaacha. Nikamgusa. Kanuni inaruhusu kabisa. Mama mkwe akasema yeye mguso hakuuona, alichoona ni mtu mzima aliyepewa binti yake akificha vitu kwapani. Mkimbiaji akabaki salama. Ahsante mama. Jioni nikampelekea mkate wa moto, kulainisha mambo. Akaupokea, akauliza kama nao nimeubeba kwapani.

Jumapili, 10 Mei
Tumeshinda! Niandike taratibu.
Zamu ya mwisho, tuko sare, mimi nipo kituo cha tatu. Nikifika nyumbani tu, yaani kituo cha mwisho, tumepata pointi, basi. Dereva ndiye mwenye gongo. Tulipatana ajifanye kabanwa na msuli, macho yote yawe kwake, mimi nichomoke. Msaliti yule kasimama wima, mzima wa afya. Mimi nimeshachomoka. Nikajikwaa katikati ya njia, nikalala kifudifudi. Ukapteni nikauona unakwenda.
Mtupaji wao aliponiona akahamaki, akautupa mpira juu mno. Ukampita mdakaji, ukatumbukia ndani ya mkoba wa mama mkwe aliyesimama nyuma yake, aliokuwa ameufungua atoe leso. Mdakaji akataka kuingiza mkono. Akachapwa kofi vidoleni. Mama mkwe akatangaza: mpira ukinasa kwa mwamuzi umekufa, na kila mkimbiaji anasogea kituo kimoja. Madobi wakachachamaa. Akawasomea kanuni kwa sauti ya darasani mpaka wakanyamaza. Kisha akaniambia niinuke, nijifute vumbi, niende nyumbani.
Nikaenda kwa kutembea, kifua mbele. Wenzangu wakanibeba juujuu. Nililia, sina haja ya kuficha.

Jumatatu, 11 Mei
Ukapteni ni wangu. Dereva anasema ni bahati. Bahati! Mwamuzi nani alimleta? Leo nimemnunulia mama mkwe mkoba mpya: mkubwa, mdomo mpana, hauna zipu. Ameupenda sana. Dereva kauliza itakuwaje mpira ukiingia humo siku wanaokimbia ni wapinzani.
Wivu tu unamsumbua.